Uzoefu wangu: kikao cha Jumanne cha wanaoacha pombe na unga kwa msaada wa saikedeliki

Nawaandikia hasa Waswahili wenzangu mlioko Marekani na Kanada, maana huku ndiko huduma za namna hii zilikoota mizizi. Kikundi chenyewe ni cha kusaidiana kwa watu wanaoacha pombe au unga (heroini) kwa tiba ya saikedeliki, yaani dawa za kubadili fahamu kama zile za uyoga. Sikitaji jina kwa sababu nina malalamiko nacho, na wanaokiendesha ni watu wa kujitolea. Nimo ndani yake kwa miezi kumi na minne, na karibu nusu ya muda huo nimekuwa mwenza wa simu, yaani mtu anayempigia aliyetoka kwenye tiba.

Kikundi hakitoi dawa, hakiuzi, wala hakimwelekezi mtu kwa muuzaji. Ukitaja mahali pa kupata uyoga au jina la mganga unazimwa maikrofoni papo hapo, ukirudia unatolewa. Wapo wanaoiona sheria hii kuwa ya ubahili. Kwangu ndiyo sababu ya kwanza ya kukiamini. Penye kusaidiana na kuuza kwa pamoja, muuzaji atajua siku uliyo dhaifu kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwaka 2022 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha jaribio lililoongozwa na Michael Bogenschutz wa New York, la watu zaidi ya 90 wenye uraibu wa pombe. Katika wiki 32, waliopewa silosibini, ile kemikali ya uyoga, walikunywa kupindukia kwa wastani wa asilimia 9.7 ya siku. Wenzao waliopewa dawa ya mzio ili kulinganisha walifika asilimia 23.6. Asilimia hizo kila mtu anazikariri. Kinachosahaulika ni kwamba dawa ilitolewa siku mbili tu, ila vikao vya maongezi vilikuwa 12. Sasa linganisha na jimbo la Oregon, Marekani, ambako vituo vyenye leseni ya silosibini vilianza kupokea watu mwaka 2023: kuna kikao cha maandalizi, kuna siku yenyewe, na kuna kikao cha baadaye ambacho mteja ana hiari ya kukikataa. Gharama hupita dola 1,000 kwa urahisi, hivyo wengi wakishalipia siku yenyewe mfuko umekauka. Pengo hilo ndilo kikundi kinaloziba, tena bure. Mwenye nacho huchangia dola 5.

Kikao ni cha mtandaoni, dakika 90, kila Jumanne saa kumi na mbili jioni kwa saa za Portland. Ndugu aliyeko Nairobi au Dar atakutana nacho Jumatano saa kumi alfajiri, na majira ya baridi huku yakianza inakuwa saa kumi na moja. Huwa tunakuwa watu 12 hadi 20. Sheria husomwa, kisha kila anayesema hupewa dakika 4 kwa saa inayoonekana kwenye skrini, na hakuna kumjibu mwenzako wala kumshauri. Dakika 20 za mwisho ndizo za maswali. Kamera unaweza kuizima, lakini kwenye kikao cha kwanza wanataka waione sura yako mara moja.

Ila tusidanganyane, kikao si ndicho kiini cha huduma. Kiini ni simu.

Ukitoka kwenye tiba unapangiwa mtu mmoja wa kukupigia siku 14 mfululizo, saa ile ile, dakika 10 tu. Maswali ni manne na hayabadiliki: Umelala kwa saa ngapi? Umekula nini? Arosto (mateso ya kukosa kilevi) leo iko wapi, kuanzia sifuri hadi kumi? Leo umeonana uso kwa uso na nani? Mwenza anaandika majibu kwenye karatasi yenye mistari 14. Mtu anaweza kukuambia kwa siku kumi kwamba yuko salama, na karatasi ikakuambia mengine: usingizi saa 7, 6, 4, 4, 3, chakula kimegeuka chai na mkate, jibu la swali la nne ni "hakuna" mara tatu mfululizo. Usingizi ukishuka chini ya saa 5 kwa siku tatu, mwenza hangoji Jumanne, anampigia mwendesha kikao usiku ule ule. Arosto yenyewe mara nyingi hupanda baada ya usingizi kwisha kuharibika, kwa hiyo anayefuata namba ya arosto peke yake huwa amechelewa.

Ugumu wa wiki hizi ni kwamba mtu anajisikia vizuri mno. Wiki mbili mpaka nne za mwanzo moyo ni mwepesi, dunia imepakwa rangi mpya, na hapo ndipo watu huacha dawa zao za hospitali, huvunja ndoa, hujiuzulu kazi na kuacha mikutano yao ya zamani. Kanuni ya kikundi ni siku 30 bila uamuzi mkubwa na siku 90 bila hata kujadili kipimo kingine. Hiyo ya siku 90 ninaiunga mkono kwa nguvu zote, maana wapo wanaohamisha uraibu kutoka kwenye chupa kwenda kwenye sherehe za dawa, kila mwezi wakitafuta "safari" nyingine badala ya kufanya kazi iliyoachwa na ile ya kwanza.

Upande wa usalama kikundi kiko makini, na sehemu hii isomeni taratibu. Anayetumia lithiamu, dawa ya ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, hapati nafasi kwenye vituo vya Oregon mpaka zipite siku 30, kwa kuwa ikikutana na silosibini huhofiwa kuleta degedege. Na lithiamu haiachwi bila daktari aliyeiandika. Ayahuaska, kinywaji cha mitishamba cha Amazon, ndani yake mna kitu kinachozuia kimeng'enya cha kuvunja serotonini (kemikali ya ubongo), hivyo ikichanganywa na dawa nyingi za sonona inaweza kuua. Mnywaji wa kila siku asiache pombe ghafla nyumbani ili "asafishe mwili" kabla ya tiba: degedege la kukata pombe huja ndani ya saa 6 hadi 48 tangu tone la mwisho.

Ibogaini, saikedeliki nyingine, inataka maelezo yake peke yake. Inatokana na ganda la mzizi wa iboga, mti wa Gabon unaotumiwa na waumini wa Bwiti, dini ya jadi ya huko. Marekani imepigwa marufuku, kwa hiyo wanaoacha unga huvuka kwenda kliniki za Mexico. Inaweza kupunguza arosto ya unga kwa kiasi kikubwa, lakini inarefusha muda wa moyo kujipanga upya kati ya mapigo, na ikizidi moyo hupoteza mwendo na mtu hufa. Methadoni, dawa ya kliniki ya kutibia uraibu wa unga, nayo inarefusha muda huo huo, na zote mbili hukaa mwilini kwa siku kadhaa. Kliniki ambayo haikupimi moyo kwa ECG, haipimi potasiamu na magnesiamu, na haikuulizi tarehe ya dozi ya mwisho ya methadoni, ondoka hapo.

Hatari ya pili ya ibogaini huja nyumbani. Mwili umeshasahau mazoea ya unga; aliyerudia kipimo chake cha zamani anakata pumzi. Ndiyo maana kabla ya simu ya kwanza mwenza anakutaka umwoneshe kwenye kamera dawa ya naloksoni ya puani, ile ya kumzindua aliyezidiwa na unga, na mtu unayekaa naye aoneshe anajua kuitumia. Marekani imeruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari tangu 2023. Mlaze chali, inamisha kichwa nyuma, ingiza ncha kwenye tundu moja la pua, bonyeza mpaka mwisho, piga 911. Asipoamka baada ya dakika 2 hadi 3, mpe ya pili kwenye tundu lingine. Akianza kupumua mgeuze ubavu na usimwache, kwa sababu naloksoni huisha nguvu kabla ya unga kuisha.

Sasa malalamiko. Wenza wa simu hawatoshi. Nimeona mtu akisubiri siku 6 kupangiwa, na siku hizo ndizo alizozihitaji zaidi. Mafunzo ya mwenza ni saa 8 tu, hayagusi kabisa mtu anayeanza kusikia sauti au kujiona ametumwa, wakati huyo anahitaji hospitali usiku huo. Waendeshaji wengine huzembea kwenye dakika 4, msemaji mmoja akala dakika 15, na mgeni aliyekuja kimyakimya akaondoka bila kusema neno. Pia kila kitu ni kwa Kiingereza. Mtu wa kwetu anaijua arosto kwa jina lake, lakini akilazimika kuieleza kwa lugha ya ofisini anaishia kusema "I'm okay". Tumeomba tuwe na chumba cha Kiswahili mara moja kwa mwezi, hatujajibiwa.

Mlioko Afrika Mashariki mnaweza kusikiliza na kujifunza ule utaratibu wa simu, maana hauhitaji dawa yoyote na soba hausi (nyumba ya kurekebishia waraibu) inaweza kuuanza kesho kwa karatasi na kalamu. Lakini aliyeko kwenye methadoni Muhimbili au Mombasa asikose dozi yake hata siku moja kwa sababu ya alichokisikia kwenye kikao chetu. Mwambie muuguzi wa kliniki yako kwanza.

Ukikipata kikundi hiki, kujiunga kunataka barua pepe na jina lolote utakalochagua. Andika ukiwa bado na wiki tatu kabla ya tarehe yako ya tiba, na umwombe mwenza papo hapo, usingoje urudi.