Equasis: hifadhidata ya bure ya kuikagua meli kabla ya kuikodi

Kwa wakala wa meli au mfanyabiashara wa mafuta asiyeweza kulipia huduma ghali za uchunguzi, Equasis, hifadhidata iliyoanzishwa mwaka 2000 na Tume ya Ulaya pamoja na mamlaka ya bahari ya Ufaransa, ndiyo mahali pa kuanzia. Thamani yake kubwa imo katika namba ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari) yenye tarakimu 7, ambayo hubaki na meli tangu inapoundwa mpaka inapokatwa kuwa chuma chakavu, hata ikibadilishwa jina na bendera mara nyingi. Ukiiingiza, unaona mmiliki aliyesajiliwa, msimamizi na matokeo ya ukaguzi wa bandarini. Sisi wa pwani hii tuna sababu ya kulizingatia jambo hilo, kwa kuwa mwaka 2012 meli za mafuta za Iran ziligundulika zikipeperusha bendera ya Tanzania, nazo zikafutwa katika usajili.

Hata hivyo, Equasis haionyeshi mwendo wa meli, hivyo haitamfichua nahodha aliyezima mtambo wa AIS, unaotangaza mahali meli ilipo, ili kuhamisha mafuta kutoka meli moja hadi nyingine baharini, wala haimtaji mnufaika halisi aliyejificha nyuma ya kampuni ya jina tu. Orodha ya vikwazo ya OFAC, ofisi ya Wizara ya Fedha ya Marekani inayosimamia vikwazo, ambayo nayo ni bure, lazima isomwe sambamba nayo. Ninaipendekeza Equasis kwa dhati kwa hatua ya kwanza ya uchunguzi, lakini nisingesaini mkataba wa kukodi meli ya mafuta kwa kuitegemea peke yake.