Patasi za kukereza za mtumba nilizonunua Unga Limited: uzoefu wangu

Nilinunua patasi tano za kukereza kwa muuza vifaa vya mtumba pale Unga Limited, Arusha, zote kwa shilingi 75,000. Mashine ya kukereza, ile inayozungusha mti huku ukiuchonga kwa patasi, ninayo tayari. Fundi wa kuchomelea aliniundia kwa mota kuukuu ya mizunguko 1,450 kwa dakika, akaweka puli ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 6 kwenye mhimili, kwa hiyo mti unazunguka kama mara 725. Kwa anayeanza, mwendo huo unatosha kabisa.

Muuzaji aliniapia kwamba zote ni haispidi, yaani chuma kinachobaki kigumu hata kikipata moto. Kumbe ni tatu tu. Niligundua nyumbani nilipozigusisha kwenye jiwe la kunolea la umeme: haispidi hutoa cheche chache, nyekundu iliyofifia, lakini mbili zilimwaga cheche nyeupe zenye matawi kama fataki. Hicho ni chuma cha kaboni. Kinashika makali mazuri mno, ila kikipata moto kwenye jiwe hadi ncha ikawa bluu, ugumu umekwisha, inabidi usage sehemu hiyo yote iishe. Sasa sinoi bila kopo la maji pembeni, nachovya kila baada ya sekunde chache.

Alitaka kuniongezea ya sita bure, tupa iliyosagwa ncha ikawa patasi. Nilikataa, nawe ukipewa kataa. Tupa ni ngumu lakini inavunjika kama kioo, na mti ukiinasa kipande kinakuja usoni.

Kujifunza ndiko kulikonitoa jasho. Nilianza na mbao za mti wa grevilea, na wiki nzima nilipata vumbi na mti uliochanika. Mara mbili patasi ilinaswa, mguu wa stuli ukaruka hadi ukutani. Mzee mmoja seremala, jirani yetu hapa Sakina, alisimama mlangoni akanitazama.

"Mwanangu, unasukuma. Laza kwanza mgongo wa patasi kwenye mti, usikate kitu. Halafu nyanyua mpini polepole mpaka makali yaanze kula yenyewe."

Nikafanya hivyo. Vumbi likageuka nyuzi ndefu zinazojikunja, mti ukatoka laini hata msasa ukawa na kazi ndogo. Siku hiyo nilikereza mpaka giza likaingia.

Zile tatu za haispidi zina thamani ya hela yote niliyotoa. Nitarudi kwa muuzaji yuleyule, ila safari hii aniwashie jiwe palepale, nione cheche kabla sijalipa.