Huduma ya kunururisha mbegu za ulezi: tathmini baada ya misimu mitatu

Ulezi tunaoushughulikia unapendwa kwa rangi na ladha yake, ila una shina refu ambalo hulala chini mvua kubwa inapopiga masuke yakiwa yamekaribia kukomaa. Kuuchanganya na aina fupi kungeleta sifa nyingine tusizozihitaji, na ua la ulezi ni dogo mno kiasi kwamba kulichavusha kwa mkono ni mateso. Ndiyo maana tukaipelekea mbegu zetu maabara inayotoa huduma ya kunururisha, yaani kuzipiga mbegu kwa miale ya gama kutoka kobalti-60 (metali yenye mionzi) ili jeni zake zibadilike, nasi tuchague mimea mifupi kati ya itakayoota. Njia yenyewe ni ya siku nyingi, kwani mwanajenetiki Mmarekani Lewis Stadler alichapisha matokeo yake ya kuipiga shayiri kwa eksirei tangu mwaka 1928, na mbegu hazibaki na mionzi baada ya kunururishwa.

Lililonifurahisha zaidi ni kwamba maabara ilikataa kunururisha shehena yote kwa mara moja. Ilitaka kwanza kiasi kidogo cha kujaribia, ikaturudishia pakiti zilizopigwa vipimo tofauti vya mionzi pamoja na moja isiyoguswa ya kulinganishia. Kwenye trei, mbegu za kipimo cha chini ziliota sawasawa na zile zisizoguswa, ilhali za kipimo cha juu kabisa zilichomoza, zikafikia urefu wa ukucha, kisha zikadumaa hapo hapo hadi zikakauka. Bila jaribio hilo tungechagua kipimo kwa kubahatisha.

Kasoro kubwa ilikuwa unyevu. Mbegu kavu kupita kiasi huumia zaidi kwa kipimo kile kile, na kwa kawaida nafaka husawazishwa kufikia unyevu wa asilimia 12 hadi 14 kabla ya kunururishwa. Hakuna aliyetuuliza wala kupima. Shehena yetu kuu ilikuwa imekauka kuliko sampuli ya majaribio, miche mingi ikafa, na tukalazimika kurudia. Kosa hilo lingeepukwa kwa swali moja tu kwenye fomu.

Pia sikubaliani na kipeperushi chao kinachoahidi “mbegu bora”. Mteja anapewa tofauti za kijenetiki, nyingi zikiwa hazina faida, na kazi ya kuchambua ni yake. Ulezi una jozi mbili za jenomu (seti kamili ya jeni), hivyo badiliko katika jeni moja linaweza kufunikwa na jeni pacha yake. Kizazi cha kwanza hakikutuonyesha chochote cha kuaminika, na tulivuna suke kuu la kila mmea peke yake, tukapanda mstari kwa mstari.

Katika kizazi cha tatu, baada ya usiku wa mvua na upepo, mstari mmoja wenye mashina mafupi ulibaki wima katikati ya ulezi uliolala. Huduma hii nitaitumia tena, nikishapima unyevu mwenyewe. Mbegu za mstari huo zinatosha vitalu viwili, nasi tutazipanda kando ya mzazi wake ili tujue kama mavuno hayajapungua pamoja na urefu.