Kudhamini mifugo wa Farm Sanctuary ukiwa Lubumbashi

Farm Sanctuary, makimbilio ya mifugo yaliyoanzishwa Marekani mwaka 1986, hutunza kuku, mbuzi, nguruwe na ng'ombe waliookolewa. Mdhamini huchangia pesa kila mwezi za kumtunza mnyama aliyemchagua. Tumia kadi ya Visa ya dola na uache salio la ziada kwa makato ya benki, la sivyo malipo hukwama kimyakimya. Mnyama mmoja huwa na wadhamini wengi, usidhani ni wako peke yako. Chaguo zuri ni kuku wa nyama: mbegu yao hunenepa haraka mno, miguu na moyo hulemewa, kwa hiyo hata chakula hupimwa. Mbuzi huhitaji kupunguzwa kwato, kwa kawaida kila wiki 6 hadi 8. Makimbilio ya karibu? J.A.C.K. ipo Lubumbashi tangu 2006, ila hutunza sokwe, si mifugo.