Chambo hai au chambo bandia kwa samaki wawindaji wa lagoni?

Jibu linategemea samaki unayemlenga na hali ya maji. Mzia huwinda kwa macho: kitu kinachometa na kukimbia humchokoza, hata asipokuwa na njaa sana. Chewa hujificha kwenye mwamba au mizizi ya mikoko, akameza windo zima kwa mvuto wa kinywa.

Kwa hiyo maji yakiwa maangavu, chambo bandia hushinda. Unakagua eneo kubwa haraka, na ukibadilisha kasi ya kuvuta unajua samaki anataka nini. Mvua ikileta matope, mambo hugeuka: macho hayafai tena, na chambo hai, kama mkizi mdogo anayetapatapa, hugunduliwa na mwindaji kwa harufu na mtikisiko. Mtunge midomoni kama kuna mkondo, ili aogelee akiukabili. Ukimtunga mgongoni atazunguka na kusokota mshipi.

Gharama? Chambo hai ni cha bure ukiwa na wavu, ila kinadai muda, na ndoo iliyojaa samaki huwaua kwa kukosa oksijeni. Badilisha maji mara kwa mara. Chambo bandia hununuliwa mara moja, lakini mzia asipowekewa waya mfupi kati ya mshipi na chambo hukata mshipi na kuondoka nacho. Pia kioshe kwa maji yasiyo na chumvi, ndoana zisishike kutu.

Vyovyote, kaa mdomoni mwa lagoni maji yanapokupwa. Samaki wadogo husombwa nje, na wakubwa huwasubiri hapo. Mwenye saa moja tu achukue bandia; mwenye subira na maji machafu, hai.