Mkanda wa kuvutia gari niliouziwa Arusha, na kilichotokea Ndutu

Nianze kwa haki. Duka lenyewe limepangwa vizuri, na koleo la kuchotea udongo nililonunua hapo miaka kadhaa nyuma bado ninalo kwenye gari. Kwa hiyo labda hili la mkanda ni bahati mbaya ya mara moja. Labda.

Ilikuwa kabla ya masika, nyumbu wanazaa, Ndutu, kule mpakani mwa Serengeti na Ngorongoro, imejaa magari ya watalii. Upande ule wa Ngorongoro tunaruhusiwa kuacha njia, na hapo ndipo tunapoponzwa. Udongo wake mweusi ukikauka unapasuka nyufa. Ukinyeshewa kidogo tu, unashika kama ulimbo. Nikazama mpaka difu zote mbili, yale mafundo ya gia katikati ya ekseli, zikalala kwenye tope. Nikaweka foo-wili, tairi zote nne zivute, nikapunguza upepo wa tairi, wapi! Tairi zilikuwa zimejaa tope hata meno hayaonekani.

Mwenzangu akaja na Land Cruiser yake, akasimama penye ardhi ngumu mbele yangu. Nikatoa mkanda mpya kabisa, uko bado kwenye mfuko wake. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba ni wa nailoni, ule unaovutika: gari la mbele linachukua mwendo kidogo, mkanda unarefuka kama mpira, halafu unalichomoa lililokwama bila kulipiga kishindo. Laki moja na nusu nilitoa kwa maneno hayo.

Haukurefuka hata kidogo. Ulikaza ghafla kama mnyororo, gari langu halikusogea, na ndoano iliyoshonwa upande wangu ikanyooka, ikafyatuka. Ilipiga rimu ya spea kwenye mlango wa nyuma wa mwenzangu, shubiri moja tu kutoka kwenye kioo. Nyuma ya kioo kile alikuwa amekaa mtoto. Najua abiria hushushwa na kupelekwa mbali wakati wa kuvuta gari, lakini simba walikuwa kwenye kichaka cha jirani, tungewashushia wapi? Mtoto hakulia. Alibaki ananiangalia tu, na mimi mikono inatetemeka, siwezi hata kumwambia mama yake pole.

Tulitoka kwa koleo na jeki ndefu, ile ya tanganyika, na kipande cha ubao chini yake isizame. Tunanyanyua tairi moja, tunajaza mawe, tunahamia jingine. Jua lilikuwa linazama tulipomaliza. Jeki ile ya zamani naiheshimu kuliko kitu kingine chochote nilicho nacho garini.

Sasa dukani. Nimemkuta kijana wa umri wa mwanangu, hata shikamoo hana. Nikaweka mkanda na ndoano juu ya kaunta. Akasema, simu iko mkononi, "Mzee, wewe ndiye hujui kuvuta. Mali ikishatoka hairudi." Nikamwonyesha lebo: poliesta. Huo ni mkanda wa kufungia mizigo kwenye lori, umetengenezwa usirefuke! Nikamwonyesha na ile "tani 10" iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Huo ni uzito wa kukatikia. Uzito wa kufanyia kazi ni mdogo sana kuliko huo, na Land Cruiser yenye wageni na mizigo, ikishanyonywa na tope, inaweza kutaka nguvu ya kuvuta inayozidi uzito wake yenyewe. Akanijibu, "Kwani kuna tofauti gani?"

Kuna tofauti gani! Mtu anauza kitu kinachofungwa kati ya magari mawili yenye watu ndani, halafu hajui. Au anajua, na hilo ni baya zaidi. Mkanda wa kweli wa kazi hii hauna ndoano kabisa, una vitanzi vilivyoshonwa kila upande, unafungwa kwa pingu za chuma zilizochorwa uzito wake wa kazi mwilini. Niliviona vyote viwili kwenye rafu ile ile, nyuma ya kichwa chake.

Nilisema labda ni bahati mbaya. Naliondoa neno hilo. Juzi nimepita pale, mikanda ile ile yenye ndoano imetundikwa mlangoni, na dereva kijana alikuwa anaipapasa. Nikamshika mkono nikamtoa nje, muuzaji akanitukana mbele ya watu. Ndoano iliyonyooka ninayo mfukoni mwa mlango wa dereva, na hela yangu bado naidai.