Ukinunua PS2 ya mtumba, anza na namba ya mwisho kwenye stika

“Dada, nimechomeka tu, taa ikawaka nyekundu, ikalia pwaa, basi. Chumba kizima kinanuka.” Huyo ni msomaji wa Makambako, aliyenunua PS2 ya mtumba, yaani PlayStation 2, mashine ya gemu ya Sony. Wa Vwawa yeye alisikia mlio bila kuona moshi. Wa Uyole alinitumia picha ya mgongo wa mashine akiniuliza kama fundi anaweza kuifufua, na pale kwenye stika palisomeka SCPH-30000. Hiyo sifuri ya mwisho ilinitosha.

Miongozo ya kununua gemu za zamani nimeisoma mingi, na yote inakuambia angalia kama inasoma CD, jaribu pedi, angalia mikwaruzo. Hayo hata mtoto wa darasa la tatu anayeshinda kwenye kibanda cha gemu anayajua. Ambacho hawakuambii ni kwamba kwa hapa kwetu mashine nyingi za mtumba haziuawi na uzee. Zinauawa na soketi ya ukutani.

Kila PlayStation 2 ina namba inayoanza na SCPH, na tarakimu ya mwisho inakuambia ilitengenezwa kwa soko gani: 0 ni Japani, 1 Marekani, 2 Australia, 3 Uingereza, 4 nchi nyingine za Ulaya. Umeme wa nyumbani Japani ni volti 100, Marekani 120. Wetu ni 230. Mashine nene ya kwanza, ile iliyotoka Japani mwezi Machi 2000 na ndugu zake waliofuata, ina pawa saplai (kile kinachopokea umeme wa ukutani na kuushusha kwa ajili ya mashine) ndani ya tumbo, kwa hiyo ukinunua yenye 0 au 1 na kuichomeka Mbeya umeipa zaidi ya mara mbili ya kile ilichoandaliwa, au karibu na hapo. Fyuzi ikiwahi kukatika, una bahati. Isipowahi, kapasita inapasuka, na ndiyo ile pwaa ya Makambako.

“Mbona dukani iliwaka?” Hilo ndilo swali linalofuata kila mara. Iliwaka kwa sababu chini ya meza kuna transfoma ya kushusha umeme. Nimeiona sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kwa macho yangu: kisanduku cha bati kizito kimefunikwa na gunia, waya wa PS2 unaingia humo, wa kisanduku unaingia ukutani. Nilipoinama kuangalia, muuzaji akacheka, akasema, “Aa, hiyo ni ya kulinda umeme tu, dada’ngu.” Kwa hiyo mashine ikiwashwa mbele yako, usikodolee TV. Fuata waya kwa macho mpaka ukutani. Ukiona unapita kwenye kitu chochote njiani, uliza, na usiondoke bila jibu.

Stika nayo siku hizi inabanduliwa. Utaambiwa imefutika kwenye usafi, kana kwamba usafi unachagua kufuta namba peke yake. Hapo tumia pedi. Iwashe bila CD, iingie kwenye menyu yake yenyewe, uangalie kitufe cha kukubali. Mashine za Ulaya zinakubali kwa X. Ikiwa duara ndilo linalokubali na X inarudisha nyuma, umeshika mashine ya Japani au ya Asia, hata kama muuzaji ataapa ilitokea Ujerumani. Angalia na orodha ya lugha: ya Ulaya ina Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na nyingine, ya Japani ina Kijapani na Kiingereza tu.

Basi upangaji wangu wa mashine za kununua, kuanzia bora kabisa, unafuata kigezo kimoja: umeme wa mashine uko ndani au nje? Ukiwa nje kwenye adapta, kosa lolote la soketi linaua adapta na mashine inabaki na nafasi ya kupona. Anayetaka kupangiwa kwa uzuri wa rangi atafute mwongozo mwingine.

Nafasi ya kwanza, na sitaki ubishi, ni PS2 nyembamba za kuanzia SCPH-70000 mpaka 79000. Nyembamba hizi zilianza kutoka mwaka 2004 na zinakula volti 8.5 kupitia adapta ya nje. Ukipata inayoishia na 4, chukua. Hata yenye 0 si hukumu ya kifo, mradi usome adapta kabla ya kuchomeka. Ikiandikwa INPUT 100–240V, tulia. Ikiandikwa 100V au 120V peke yake, tafuta adapta nyingine yenye volti 8.5 hizohizo na ampea zisizopungua za ile ya asili. Tahadhari moja: Sony wenyewe mwaka 2005 waliita zirudishwe adapta milioni 3.5 za nyembamba za mwanzo, zilizotengenezwa kati ya Agosti na Desemba 2004, kwa sababu zilikuwa zinapata moto kupita kiasi. Ukikuta adapta ya kipindi hicho bado inazunguka sokoni, iache hukohuko.

Mimi ni mtu wa Sony, najulikana. Ila hata asiyeipenda atakubali kwamba PS2 inacheza na gemu za PlayStation ya kwanza, inapiga DVD, na spea zake zimejaa kuanzia Tunduma hadi Mashine Tatu kule Iringa, kwa sababu ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Mashine yenye maiti nyingi ndiyo mashine yenye spea nyingi.

Nafasi ya pili ni PSone, kale kadogo keupe ka mwaka 2000. Adapta iko nje, volti 7.5. Haichezi gemu za PS2, hivyo ni ya mkusanyaji zaidi kuliko ya mchezaji. Ila ni bora mara kumi kuliko PlayStation ya kijivu ya 1994, ambayo pawa saplai iko ndani na joto lake linakaa jirani na jicho la kusomea CD. Plastiki za jicho zilikuwa zinalika mpaka watu wakawa wanacheza mashine imegeuzwa kichwa chini ili isome. Ukikuta inauzwa ikiwa kichwa chini, sasa unajua.

Ya tatu ni PS2 nene inayoishia na 4, yaani 30004 au 50004. Umeme uko ndani, ndiyo, ila ni wa kwetu, na nyuma ina nafasi ya kuweka diski ya kuhifadhia data (hard disk). Kama tayari umeunguza yenye 0, usiitupe. Pawa saplai ni bodi ya peke yake, inafunguka kwa skrubu. Fundi akipata nyingine ya 4 kutoka kwenye mashine mbovu ya toleo hilohilo, anabadilisha, na kama moto haukufika kwenye bodi kubwa itaamka. Mwambie abadilishe bodi nzima. Akianza kuchomelea waya mahali pa fyuzi, chukua mashine yako uondoke.

Ya nne ni PS2 nyembamba ya SCPH-90000. Ni nzuri kuitazama, lakini Sony waliamua kurudisha pawa saplai tumboni, na kwa umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo wakati wa masika, mimi hapo siwaelewi. Zaidi ya hayo, nyingi za mwishomwisho hazikubali ile memori kadi ya kuchezeshea gemu kutoka kwenye flashi.

Nintendo 64 ya 1996 ina pawa saplai inayochomoka mgongoni kama betri ya tochi, na kwa hilo nawapigia saluti. Kaseti zake utazipata wapi hapa, ni juu yako. Sega Mega Drive ina adapta ya nje lakini ina mtego wake: toleo la kwanza linataka volti 9 na hasi katikati ya pini, la pili linataka volti 10 na chanya katikati. Ukipewa adapta ya kubahatisha, utaunguza ukiwa na volti sahihi kabisa.

Vile vimashine vya bei ya chini vyenye “gemu 400” ndani, gemu zinajirudia majina tofauti. Mnunulie mtoto, msizozane.

Sasa wauzaji. Kinachoniudhi si bei yenyewe, ni ile sifa wanayopandishia bei: “Hii ya Japani, orijino.” Kwenye Noah na IST sawa, toka Japani ni sifa. Kwenye PS2 nene ndiyo ugonjwa wenyewe, na unaulipia nyongeza. Nilitajiwa laki mbili na nusu kwa SCPH-50000, na pembeni yake SCPH-50004 yenye vumbi ikiwa laki na nusu kwa sababu “ni ya kawaida.” Halafu ukirudi na mashine iliyoungua unaambiwa umeme wa kwako ndio mbaya, na risiti imeandikwa kwa mkono: bidhaa ikishatoka dukani hairudi.

Fanya hivi: kabla ya kutoa hela, mwombe aichomeke moja kwa moja ukutani, mbele yako, bila kisanduku chochote. Anayeijua mashine yake ni ya 4 ataichomeka huku anaongea na mteja mwingine. Anayeanza kukwambia soketi hiyo ina shoti, msubirie kwanza akuonyeshe ipi haina.